Kware si Kwa Re

Nilipoacha chuo na kuhamia Kware, nilidhani jina hili ni la mtu. Majirani zetu ni Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, kwa hivyo nilingoja siku nitakayoelezwa huyu Re alikuwa nani. Hakuna Re, bana. Kware ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, likapita kwenye midomo ya watu likatoka hivyo.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma ramani ya Eastlands kama riwaya, nikiangalia nani ametajwa na nani ameachwa. "Kwa" ni neno la ujirani. Mtu alifika, watu wakamzoea, pakawa pake mdomoni hata kama hati ya shamba inasema vingine. Dar es Salaam wana Kwa Mtogole na Kwa Aziz Ali.

Serikali ina mtindo wake. Tom Mbotela wa KAU aliuawa 1952 na diwani Ambrose Ofafa 1953, wakati wa Hali ya Hatari, na mitaa ya baraza la jiji ikabebeshwa majina yao. Lakini sikiliza makonda: Jericho! Maringo! Ofafa wa mbele huachwa kwenye karatasi. Mbotela angalau bado anaitwa.

Kwangu mimi, jina bora kuliko yote ni Kariokor. Lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelfu yao walikufa. Hakuna hata mmoja aliyetajwa, ila kundi zima limebaki, tena kwa matamshi yetu wenyewe.

Kware haina hata kundi. Jina linataja shimo, halitaji waliochimba. Halafu Julai 2024 miili ya wanawake, imekatwakatwa na kutiwa kwenye magunia, ikapatikana katika machimbo yaliyogeuka jaa la taka, karibu na kituo cha polisi. Wiki hiyo watangazaji wa nchi za mbali walijifunza kutamka Kware. Shimo lilikuwa limetajwa kwenye jina miaka yote, na sisi tulikuwa tukilisema kila siku tukilipa nauli.

Sasa wengi wanasema wanaishi Pipeline. Kodi ni ile ile, matatu ni zile zile. Siwezi kuwacheka, kwa sababu mwaka jana niliandika Pipeline kwenye barua ya kuomba kazi. Kazi sikupata, na aibu ya kuikana Kware ilibaki.

Kwenye ploti yetu kuna mzee aliyewahi kuchonga mawe huko chini. Mgeni akiuliza njia, mzee hamtajii Kware. Humwambia, "Shuka mpaka pale tulipokuwa tukichonga," kisha huanza kuhesabu wenzake kwa majina, mmoja mmoja, na mgeni hubaki amesimama na mzigo wake akingoja aambiwe kama ni kushoto au kulia.