Mbwa Wasiohesabiwa

Nilisoma Tracks cha Robyn Davidson nikiwa Ubaruku, kiangazi, mpunga umeshavunwa na majaruba yamepasuka kwa jua. Mwaka 1977 Davidson alitoka Alice Springs, Australia, na ngamia wanne na mbwa wake Diggity, akakata jangwa kilomita 2,700 hivi hadi Bahari ya Hindi. Kitabu kilitoka 1980.

Nguvu yake iko kwa Diggity. Mbwa huyu si pambo la safari. Ndiye mwenzi, hadi anapokula sumu iliyotegwa na Davidson analazimika kumpiga risasi mwenyewe. Baada ya hapo jangwa ni lile lile, upweke sio ule ule.

Nilipofunga kitabu niliwakumbuka mbwa wengine. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu ili kuunusuru Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukikauka kila kiangazi. Wengi walielekezwa Lindi, kwenye bahari hiyo hiyo. Na mfugaji hatembei bila mbwa. Davidson alichagua njia yake, National Geographic ikamgharimia. Hawa hawakuchagua, na kitabu chao sijakiona.

Simlaumu Davidson. Kwa kumpa nafasi Mzee Eddie, mwenyeji aliyetembea naye, anakiri kwamba jangwa lina wenyewe. Lawama ni yetu tunaoandika: safari ya nyumbani tumewaachia waandika ripoti, nao huhesabu ng'ombe. Mbwa hawamo.