Kisanduku cha mkalimani kianzie kwenye kamera

Mkalimani wa lugha ya alama amewekwa kwenye kona ya runinga, lakini je, anasomeka? Kenya iliagiza tangu mwaka 2003 kwamba taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa viwe na mkalimani au maandishi. Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Sheria ni mwanzo tu. Mengine yako kwenye vipimo.

Mwongozo wa Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, unataka kisanduku kisipungue sehemu moja ya sita ya picha. Kwenye picha ya pikseli 1920 kwa 1080, hicho kinaweza kuwa kisanduku cha 480 kwa 720. Katika runinga ya inchi 32 kinafika kama sentimita 18 kwa 27. Kikibanwa hadi thumni ya upana wa skrini na robo ya urefu wake, zinabaki sentimita 9 kwa 10. Kiziwi aliyekaa benchi la nyuma katika kibanda umiza (ukumbi wa video) cha Kilwa Masoko huenda akaiona mikono. Uso ndio utakaompotea. Na uso ni sarufi: katika lugha nyingi za alama, nyusi zikiinuka kauli hugeuka swali.

Mhariri akiletewa picha iliyojaa pande zote, hana pa kumweka mkalimani ila juu ya mtu anayehojiwa, au chini ambako maandishi yanayopita yatamfunika mikono. Dawa iko kwa mpiga picha. Akimhoji mvuvi Kilwa Kivinje, amweke kushoto, kulia abakize bahari tupu. Mkalimani naye apewe muswada mapema, maana jina kama Songo Songo huenda akalazimika kulitaja herufi kwa herufi, na msomaji wa habari hamsubiri.

Kwa wasioona, kazi ni ya sauti. Filamu nyingi za magofu huachia muziki huku kamera ikizunguka, na asiyeona huambulia muziki mtupu. Huko Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 kisiwani Kilwa, yangetosha maneno haya: “Kuta za matumbawe, hazina paa. Birika lenye pembe nane. Chini ya jabali, bahari.” Hayazidi sekunde kumi.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya na VJ Jingo wa Uganda walijipatia jina kwa kuwasimulia watu filamu za lugha wasizozijua. Tofauti ni kwamba wao huruhusiwa kuongea juu ya sauti za waigizaji na kutia chumvi. Msimulizi wa wasioona husubiri upenyo kati ya maneno, akataja kinachoonekana bila kukitolea hukumu. Basi upenyo huo uachwe tangu kwenye muswada: muziki ushushwe, picha irefushwe sekunde mbili tatu.

Studio ndogo ya Lindi inaweza kufanya hivi bila kamera mpya. Gharama hupanda pale kipindi kinaporudiwa. Kabla hakijarushwa, mwanachama wa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, akitazame sauti ikiwa imezimwa, na wa Chama cha Wasioona akisikilize. Wote wawili walipwe kama wahakiki, na wakikikataa, kipindi kisubiri.