Rejesta si Orodha: Tahakiki Fupi ya Ufundishaji wa Istilahi na Akronimu

Katika vitabu vingi vya kiada tunavyovitumia hapa Uganda, mada ya rejesta hufundishwa kwa mtindo mmoja. Mwandishi hutoa fasili, kisha huorodhesha msamiati: hospitalini kuna daktari, sindano na dozi, mahakamani kuna hakimu, mshtakiwa na rufani. Mwanafunzi hukariri, hujibu swali la "Taja sifa tano za rejesta ya hospitalini" na kupata alama zake. Makala haya yanadai kwamba orodha hiyo, hata ikiwa sahihi, haimfundishi mwanafunzi lugha ya taaluma yoyote.

Tuchukue mfano wa hospitalini. Daktari huandika kwenye cheti cha dawa 1 x 3, au TDS. Ufupisho huu wa pili umetokana na Kilatini, na maana yake ni kwamba dawa itumiwe mara tatu kwa siku. Muuguzi anauelewa, mgonjwa hauelewi. Mwanafunzi wetu aliyekariri orodha, akiombwa kutafsiri, huenda akasema, "Meza kidonge kimoja kila saa nane." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini ni ya hatari. Katika Kiswahili, saa nane ni urefu wa muda, na pia ni wakati wa mchana. Mgonjwa anaweza kumeza kidonge kimoja tu kwa siku, kila ifikapo saa nane. Anayeijua kazi atasema, "Kimoja kila baada ya saa nane: asubuhi saa kumi na mbili, mchana saa nane, usiku saa nne." Maneno yaliyomwokoa mgonjwa ni "baada ya", nayo hayamo katika orodha ya istilahi za tiba.

Akronimu nazo zinafundishwa vivyo hivyo: kifupi upande huu, kirefu upande ule. Kinachosahaulika ni sarufi. Aghalabu akronimu hufuata ngeli ya nomino kuu iliyofichwa ndani yake. TUKI iliandaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, kwa kuwa ndani yake mna taasisi. BAKITA limetoa tamko, kwa kuwa mna baraza. UKIMWI unazuilika, kwa kuwa mna upungufu. VVU vinaambukizwa, kwa kuwa mna virusi. Hata hivyo, si ajabu kumsikia mwanachama wa CHAWAKAMA akisema "CHAWAKAMA imeandaa kongamano", ilhali hicho ni chama, na chama kimeandaa. Asiyejua kilichomo ndani ya akronimu hubahatisha upatanisho.

Wapo watakaosema kwamba bila istilahi hakuna taaluma. Ni kweli. Sisi tunaofundisha isimu kwa Kiswahili tunaidai shukrani Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ya mwaka 1990. Lakini kamusi ni ghala tu, na kuwa na ghala si kujua kupika.

Suala hili linatuhusu sana. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wahitimu wetu wataitwa zahanati, mahakamani na mipakani. Huko hakuna atakayewauliza sifa tano.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila akronimu itajwe kwa kirefu inapotokea mara ya kwanza, na itumiwe katika sentensi yenye upatanisho sahihi. Pili, kila istilahi iwekwe katika mazungumzo ya mtaalamu na asiye mtaalamu. Tatu, swali la mtihani libadilike: "Mweleze mama huyu namna ya kumpa mtoto wake dawa iliyoandikwa 1 x 3."

Mwanafunzi akiliweza hilo, sifa tano atazitaja bila kukariri.