Heko kwa Wachongaji wa Edo

Lile wimbi kubwa la mnamo 1831, picha ya chapa ya mbao kutoka Edo (Tokyo ya leo), limempa mchoraji Hokusai sifa dunia nzima, na ni haki yake. Mimi pongezi zangu nawapa mchongaji na mpiga chapa, ambao mara nyingi hata majina yao hayakuandikwa.

Mchoro wa msanii ulikuja kwenye karatasi nyepesi. Mchongaji aliubandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachonga karatasi na ubao kwa pamoja. Mchoro wa asili ukaishia hapo. Tazama mvua katika picha ya mchoraji Hiroshige ya daraja la Shin-Ohashi, 1857. Kila uzi wa mvua ni ukingo mwembamba wa mti ulioachwa umesimama, huku na huku pamechimbwa. Kisu kikiteleza, basi tena.

Mpiga chapa naye alipanga karatasi kwenye alama za pembeni, rangi moja baada ya nyingine, akisugua mgongo wa karatasi kwa kisugulio kilichofungwa ganda la mwanzi. Lile giza la juu angani, linalofifia taratibu, alilipata kwa kupangusa rangi ubaoni, nakala baada ya nakala. Na picha ziliuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida!

Hokusai aliujua umuhimu wa mchongaji: aliwahi kumwandikia mchapishaji akimtaka mchongaji Egawa Tomekichi.