Kivuli cha Lwanda Magere

Msomaji, iko hadithi moja ambayo sisi watu wa Soin twaishi karibu nayo kuliko watu wengi wa Kericho, ijapokuwa si yetu. Soin ni ule upande wa chini wa nchi yetu, ambako chai ya mlimani hukoma na miwa na mahindi huanza, na joto la bonde la Kano hupanda kutulaki. Ukitazama magharibi, waiona nchi ya Wajaluo imelala tambarare kuelekea ziwani. Katika nchi hiyo, upande wa Muhoroni, chini ya milima ya Nandi, liko jiwe liitwalo Lwanda Magere. Wenyewe husema kwamba jiwe hilo lilikuwa mtu.

Hadithi yake ni fupi. Magere alikuwa shujaa wa ukoo wa Sidho, na mwili wake haukuingia mkuki wala mshale, kwa maana nyama yake ilikuwa jiwe. Adui zake walikuwa Lang'o, jina ambalo Wajaluo waliwapa majirani zao wa milimani: Wanandi, na katika vinywa vya wasimulizi wengine, sisi Wakipsigis. Waliposhindwa vitani mara nyingi, Lang'o walimpelekea binti mzuri awe mke wake. Siku moja Magere aliugua. Mke wake mkubwa hakuwapo. Akamwita yule binti, akamwambia amchanje chale na kumpaka dawa, lakini asiuchanje mwili, akichanje kivuli. Binti akakichanja kivuli, na damu ikatoka. Usiku akatoroka kwenda kwao na habari hiyo. Vita vilipozuka tena, mkuki ulipigwa katika kivuli, na Magere akaanguka akawa jiwe. Husemwa kwamba wawindaji waliopita hapo walinoa mikuki yao juu yake.

Vijana wengi wameniuliza lini Magere naye atatolewa katika sinema, kama mfalme wa Wakanda, au katika michezo ya kompyuta, ambayo wao huicheza katika simu zao hata usiku wa manane. Swali ni jema, walakini laficha swali jingine lililo gumu zaidi. Hadithi inapohamishwa kutoka kinywani hadi kitabuni, na kutoka kitabuni hadi katika picha zinazokwenda, mhamishaji ana ruhusa ya kubadili nini, naye amekatazwa kubadili nini?

Tuanze na Wakanda, maadamu ndiyo inayotamaniwa. Mfalme T'Challa, aitwaye Black Panther, alibuniwa na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, akaonekana mara ya kwanza mwaka 1966 katika toleo la 52 la Fantastic Four, jarida la hadithi za picha. Mwaka 2018 Ryan Coogler alimtoa katika sinema. Mwezi wa Februari mwaka huo filamu hiyo ilionyeshwa kwa shangwe mjini Kisumu, kwa maana Lupita Nyong'o, aliyecheza Nakia, ni binti wa Anyang' Nyong'o, gavana wa Kisumu wa wakati huo. Watu walikwenda kuitazama wamevaa kana kwamba wamealikwa arusini.

Walionuna walisema kwamba Wakanda si Afrika. Watu wake husema Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini; mavazi yao yana shanga za Kimasai na mablanketi ya Kisotho, kana kwamba bara zima limetiwa katika kapu moja na kutikiswa. Mashitaka hayo ni ya kweli, lakini si mazito. Wakanda haipo mahali popote. Hakuna mtu aliyeporwa jina lake wala kaburi la babu yake. Mimi nina lawama nyingine, nayo ni kwamba Kixhosa katika filamu ile ni kama ua la kuchomeka kifuani: husalimia, hutoa amri moja mbili, kisha hunyamaza, na Kiingereza hufanya kazi yote ya kufikiri. Lugha ya taifa lisilowahi kutawaliwa ingalistahili kufikiri kidogo.

Lakini tazama alivyotendewa M'Baku. Katika majarida ya zamani adui huyu wa T'Challa alibandikwa jina la kumfananisha na nyani, akavikwa na ngozi ya mnyama huyo. Coogler angeweza kujitetea kwamba yeye ni mwaminifu kwa kitabu. Hakufanya hivyo. Alilitupa lile jina la matusi, akambakiza mtu mwenyewe, na kiburi chake, na mlima wake, na haki yake ya kumpinga mfalme. Na M'Baku akawa mmoja wa watu wanaopendeza kuliko wote katika filamu ile. Hapa kukihalifu kitabu kulikuwa ndiyo uhakiki bora wa kitabu.

Wala si mara ya kwanza kwa nakala kuifaa asili. Superman alitokea mwaka 1938, akawa hana kitu cha kumdhoofisha kinachokumbukwa na mtu yeyote leo. Lile jiwe liitwalo kryptonite, ambalo kila mtoto adhani lilikuwapo tangu mwanzo, lilitoka katika mchezo wa redio mwaka 1943, likaingia katika majarida yenyewe mwaka 1949. Waandishi wa redio ndio walioona kwamba shujaa asiye na pa kuchomwa hachukui hadithi mbali. Wazee wa Kano walilijua jambo hilo bila redio, na wazee wa pwani pia, waliosimulia kwamba Fumo Liyongo hakufa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. (Nimechekeshwa mara nyingi na mambo haya: Mmarekani mwenye nguvu hudhoofishwa na jiwe, mtu wetu wa Kano alikuwa jiwe, akadhoofishwa na kivuli.)

Sasa nenda nami kwenye michezo ya kompyuta, ambako neno kubwa ni usahihi wa historia. Wachezaji hugombana juu ya vifungo vya koti la askari na umbo la upanga. Katika mchezo uitwao Civilization VI, uliotoka mwaka 2016, umo mji wa Zanzibar. Mchezaji anayepata urafiki mkubwa na mji huo kuliko wenzake hupewa karafuu na mdalasini, na bidhaa hizo huongeza raha ya watu katika miji yake. Mchezo huo huanza miaka 4000 kabla ya Kristo. Mjuzi wa historia atacheka, kwa kuwa mkarafuu ni mti wa visiwa vya Maluku, nao haukuletwa Unguja mpaka mwanzoni mwa karne ya 19. Acheke; kosa hilo halidhuru mtu. Kosa linalodhuru ni lile ambalo halihesabiwi kuwa kosa. Karafuu za mchezo hazina mchumaji. Huja zenyewe, zikaleta raha. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa waliotolewa bara, na soko walikouzwa halikufungwa mpaka mwaka 1873. Mtu anaweza kusahihisha tarehe, na mti, na umbo la jahazi, na bado akasema uongo ule ule.

Wako watengenezaji walio waangalifu zaidi. Assassin's Creed Origins, mchezo wa mwaka 2017 juu ya Misri ya wakati wa Cleopatra, ulipata mwaka uliofuata sehemu ya wanafunzi isiyo na mapigano, ambamo mtu hutembea tu mitaani na mahekaluni akielezwa mambo. Ni kazi nzuri, nami naisifu. Hata hivyo katika sehemu hiyo sanamu za kale zilizochongwa uchi zilifunikwa aibu zao kwa makombe ya baharini, kwa ajili ya kuwahifadhi watoto. Basi mwanafunzi hufundishwa Misri ya kweli yenye makombe yasiyokuwapo!

Laiti kijana wa kwetu angetengeneza mchezo wa kulima chai ya Kericho, ningemtazamia jambo moja kabla ya mengine. Sitamwuliza kama mashine za kiwanda zina meno ya kweli. Nitatazama ardhi ilivyo mchezo unapoanza. Ikiwa mchezaji huikuta tupu, imetulia, yamngojea yeye na miche yake, basi mchezo umekwisha kusema uongo kabla ya jani la kwanza kuchumwa. Makampuni ya chai yalipoyapanua mashamba yao katika miaka ya 1920, nchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Na mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwakamata watu wa ukoo wa Talai, wazee kwa watoto, ikawahamishia Gwassi, karibu na ziwa, mbali na watu wao. Jambo hilo ni gumu kutiwa katika mchezo. Lakini mchezo wa chai usiolijua ni mchezo wa karafuu zisizo na mchumaji.

Hapa sina budi kumleta paka, na msomaji aniwie radhi. Katika michezo hii ugonjwa ni mstari mwekundu unaopungua, na dawa ni chupa inayourudisha; dawa ni moja, na kila mwili ni mmoja. Nami nilipokuwa mvulana niliamini vivyo hivyo, ijapokuwa sikuwa nimeona kompyuta. Tulikuwa na paka wa ghala, aliyetulindia mahindi. Siku moja alikataa maziwa, akajificha nyuma ya magunia, kwa maana paka mgonjwa hujificha. Nilimhurumia. Nikachukua nusu ya kidonge cha paracetamol, dawa iliyokuwa imenitoa homa mimi juma lililotangulia, nikaiponda, nikamnywesha kwa nguvu. Kesho yake ufizi wake ulikuwa wa rangi ya kahawia, uso umevimba, naye akihema kama aliyekimbia. Hakufika jioni. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo kama mwili wa mtu, na damu yake hushindwa kuchukua hewa. Ugonjwa wake wa kwanza sikuujua kamwe. Nilichomwua nacho nakijua.

Tangu siku ile, kila nisikiapo hadithi ya Magere, naona kwamba pigo lake kubwa haliko vitani. Liko penye mkeka wa mgonjwa. Msimulizi wa kale alijua kwamba dawa ina mahali pake, na kwamba mtu huonekana alivyo anapougua, si anapopigana. Siku zote za vita Magere alikuwa jiwe, na siku moja ya homa akamwambia mtu mwingine mahali palipo na damu yake. Mwenye sinema atavutwa na vita, kwa sababu vita hupendeza machoni, na mkeka haupendezi. Akiupitia haraka, atakuwa ameichukua ngozi ya hadithi na kuiacha nyama.

Na Lang'o je? Jambo hili kwetu si la kubuni. Mwaka 2023 mapigano yalizuka Sondu, mpakani mwa Kericho na Kisumu. Watu walikufa, na majirani waliouziana ndizi na samaki sokoni wakaogopana. Sinema ya Lwanda Magere ikitengenezwa, itatazamwa pande mbili za mpaka huo, na watoto wa pande zote mbili wataulizana usiku kwa nini mababu wa wale walifanya hila. Wengine hushauri kwamba adui apewe jina lisilo la mtu, au afanywe jitu la kubuniwa. Siafiki. Kumfuta jirani katika hadithi si kumheshimu. Hadithi imedumu kwa sababu walioishindania nchi hiyo walikuwa watu hasa, wenye mashauri, hofu na mabinti.

Nionavyo mimi, hukumu ya kazi kama hiyo itakuwa juu ya yule binti. Hadithi hii imekwisha kuhamishwa hata jukwaani: Okoiti Omtatah aliitungia tamthilia iliyochapwa mwaka 1991. Kila atakayeihamisha tena atamkuta msichana huyo amesimama njiani. Kama nilivyoisikia mimi, hana jina. Kwa watu wa Kano yeye ni msaliti aliyeuza kitanda chake. Kwa waliomtuma yeye ni askari aliyekwenda peke yake mahali ambapo jeshi zima lilishindwa. Hakuna aliyesimulia kama aliulizwa kabla ya kupelekwa. Wala hakuna aliyesimulia kama alimpenda mumewe, hata kidogo, katika siku zile za kumpikia na kumwuguza. Mtengenezaji akimfanya nyoka mwenye uso mzuri, atakuwa amemfanyia lile ambalo Coogler alikataa kumfanyia M'Baku, na hapo hapana taji wala ngoma zitakazomwokoa.

Ikiwa wewe usomaye una mkono wa kuchora, nakuomba uanze na mkeka kabla hujachora mkuki wowote. Utaona mara moja shida ambayo wasimulizi hawakuwa nayo. Kivuli chataka mwanga, na hadithi haisemi mwanga ulitoka wapi. Ikiwa ni moto wa jikoni, kivuli kitacheza ukutani, na msichana atalazimika kukifuata kwa wembe huku kikimkimbia. Ikiwa ni jua la alasiri mlangoni, kitalala chini kirefu na kimya, naye atapiga magoti pembeni yake, amempa mgonjwa mgongo, asiweze kumwona usoni wakati damu itakapotoka.