Uzito wa Ushahidi katika Fahirisi ya Afya ya Bahari: Uhakiki

Kwa msomaji aliyeko Makole, jijini Dodoma, bahari humfikia ikiwa imekwisha kuwa takwimu. Kwa hiyo Fahirisi ya Afya ya Bahari, iliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Nature na kuipa bahari ya dunia alama 60 kati ya 100, yastahili kusomwa kwa jicho kali. Malengo yake 10 yamepangwa kwa ustadi. Udhaifu umo katika data. Nchi ilipokosa takwimu, pengo lilijazwa kwa makadirio, aghalabu kutoka nchi za jirani. Waandishi hawakulificha jambo hilo, lakini alama ikishatolewa, kilichopimwa na kilichokisiwa huonekana sawa.

Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi Tutia, Mafia, na Misali, Pemba, ilhali Chapwani, karibu na Mji Mkongwe wa Unguja, madhara yalikuwa madogo. Tofauti hiyo ilijulikana kwa kupiga mbizi na kupima, wastani ungeifuta. Ikiwa miamba ya nchi moja yatofautiana kiasi hicho, kukopa takwimu za jirani kwahitaji hoja nzito kuliko ujirani.

Takwimu za uvuvi nazo ni tete. Pweza wanaochokolewa na wanawake maji yakupwapo, kisha wakaliwa nyumbani, hawamfikii karani. Kilo zikishuka daftarini, huenda samaki wamepungua. Huenda karani hakuwapo. Anayetaka kuwafungia wavuvi mwamba kwa hoja ya alama hiyo hana budi kuonyesha kwanza ni sehemu gani yake iliyopimwa mwambani.