Ukuta wa Duka

Ukipita Masasi au Newala utaona maduka yaliyopakwa rangi za kampuni za simu na soda. Mwenye duka hupata rangi; kampuni hupata ukuta. Supamaketi kubwa hazina ukarimu huo. Faida ya sabuni ni ndogo, basi nafasi ya tangazo ina bei, na wanaouza katika soko lake la intaneti hukatwa kamisheni. Hayo siyalaumu. Ninalolilaumu ni kumkamua aletaye bidhaa. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour huko faini ya shilingi za Kenya bilioni 1.1, ikaiamuru irudishe makato iliyowakata waletaji wawili, mmoja muuza asali. Duka la Newala halimkati mleta asali kwa kumpa rafu.